Jino Likinyamaza

“Mwanangu, liliniuma wiki mbili, usiku silali, nakaa barazani mpaka alfajiri. Tangu juzi limeacha lenyewe, alhamdulillahi. Nimekuja tu ulitazame, moyo wangu utulie.”

Aliyesema hivyo ni bibi mmoja wa Mwembetanga, kaja na mjukuu wake asubuhi ya Jumatatu. Alikaa kitini bila hofu, kwa kuwa kwa hisabu yake shida ilishapita. Nikachukua kipande cha pamba, nikakipulizia dawa ya baridi, nikakigusisha kwenye gego la jirani. Akashtuka, akanishika mkono. Nikakigusisha kwenye gego lenyewe, la juu kulia. Hakutikisika. “Hapo wasikia baridi, mama?” “Sisikii kitu,” akajibu, na uso ukamchanua, maana aliona nimemthibitishia kuwa kapona.

Katika kazi yetu kungʼoa si kugumu kama kumwambia mtu aliyefurahi namna ile kwamba jino lake halikupona. Limekufa.

Ndani ya kila jino mna chumba chembamba chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kuta zake ni ngumu na hakina dirisha. Kidole kikiingia mwiba, kinavimba na ngozi inatanuka. Kiini cha jino kikivimba hakina pa kutanukia, kwa hiyo shinikizo lote linabaki mle ndani, likibana mishipa. Ndiyo maana maumivu huzidi usiku, mtu akilala na damu ikakimbilia kichwani, na ndiyo maana bibi yule alipata nafuu kidogo kwa kukaa barazani. Uvimbe ukiendelea, mishipa inayoingilia ncha ya mzizi hukabwa, kiini kikafa, na maumivu yakakatika ghafla. Mgonjwa anamshukuru Mungu. Wadudu nao wamepata nyumba isiyo na mlinzi. Wanashuka taratibu hadi kwenye mfupa wa taya, na pengine miezi sita baadaye, au miaka miwili, mtu anaamka shavu limemvimba. Picha ya eksirei ya bibi ilionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, ukubwa wa punje ya choroko. Siku ile alipojiona mzima, mfupa ulikuwa ushaanza kuliwa.

Jino hunyamaza mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya maumivu, pale uozo unapoanza juu juu na mtu hahisi lolote. Mara ya pili ni baada ya maumivu, kiini kikishakufa. Maswali karibu yote ninayoulizwa hapa Mji Mkongwe, ukiyachunguza, yanatoka katika kimya hiki cha pili, au katika jitihada za kukifikia upesi. Kimya cha kwanza, ambacho ndicho chenye faida, hakiulizwi na mtu.

Nianze na karafuu, kwa sababu huwezi kuwa daktari wa meno Unguja usikutane nayo. Wengine nawajua kwa harufu kabla hawajafungua kinywa. Wengine punje imo mle mle tunduni, imekaa kama kizibo. Na wengi huniomba radhi, kama waliofanya jambo la kishamba. Hakuna cha kuombea radhi. Ndani ya karafuu mna yujenoli, na yujenoli hiyo hiyo, ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki, ndiyo saruji ya muda ambayo madaktari wa meno wameizibia meno duniani kote kwa zaidi ya miaka mia. Harufu ambayo mtu wa London anaijua kuwa ni ya kwa daktari wa meno ndiyo ya majamvi yaliyoanikwa kando ya barabara za Pemba wakati wa msimu. Pale Wawi, Chake Chake, kimejengwa kiwanda cha kukamua mafuta kutoka kwenye makonyo ya karafuu. Waliotutangulia hawakukosea kuweka karafuu kwenye jino.

Ila tujue inafanya nini. Inatia ganzi kidogo na inapunguza vijidudu vilivyo karibu. Haizibi tundu wala haimfikii mdudu aliyekwisha kuingia kwenye mzizi. Inakununulia usiku mmoja, mpaka asubuhi ufike kwa daktari. Anayeitumia mwezi mzima anakipeleka kiini makaburini huku hasikii. Na mafuta yake yasiyochanganywa ni makali: nimeona fizi na mashavu yaliyobabuka na kuwa meupe, na mwenyewe akadhani ni ugonjwa mwingine. Mtoto mdogo asipewe kuyanywa hata kijiko kimoja, maana yanaweza kuharibu ini. Vivyo hivyo kidonge cha aspirini kilichosagwa na kubandikwa kwenye ufizi. Aspirini humezwa. Ukiiweka kwenye ufizi, inauchoma.

Baada ya karafuu, duka la dawa. “Nimeshapiga dozi ya amoksilini na Flagyl, Dokta, nifanye nyingine?” Dawa za kuua bakteria husafiri kwa damu. Kiini kilichovimba damu yake imekabwa, na kiini kilichokufa hakina damu kabisa. Dawa inapita mwili mzima isifike pale ilipotakiwa. Maumivu yakikatika siku ya tatu, sifa inakwenda kwa kidonge, na kumbe ni jino limekata roho katika siku zake. Kinachotibu ni kuondoa chanzo: kutoa uozo na kuziba, kusafisha mzizi, au kungʼoa. Vidonge vina kazi pale uambukizo unapotoka nje ya jino, kukawa na homa au uvimbe unaosambaa, na hata hapo ni msaidizi tu. Kila dozi isiyohitajika inawafundisha bakteria wa mji huu ukaidi, na siku utakapozihitaji kweli huenda zisikusikilize.

Kuna hali moja isiyongojea miadi yangu wala ya mtu yeyote. Uvimbe ukishuka chini ya taya na kuelekea shingoni, kinywa kikawa hakifunguki, kumeza kukawa kazi, ulimi ukainuka, pumzi ikawa nzito: nenda Hospitali ya Mnazi Mmoja saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane, iwe siku ya Idi. Daktari wa Kijerumani, Ludwig, aliieleza hali hii mwaka 1836, na mpaka leo inaua kwa njia ile ile, kwa kuziba koo. Mara nyingi mwanzo wake ni gego la chini lililooza, la mtu aliyekuwa akisema limeshaacha kuuma.

Ramadhani huja na swali lake, na mimi hulipokea kwa heshima kwa kuwa linatoka kwenye imani. Je, kutibiwa jino kunafunguza? Hukumu ya dini muulize shekhe wako. Ninachoweza kukwambia ni kuwa Baraza la Kimataifa la Fikhi ya Kiislamu, lilipokutana Jedda mwaka 1997, lilitaja kutoboa jino, kuling'oa, kulisafisha na kupiga mswaki miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu, maadamu mtu anajichunga asimeze kinachofika kooni. Anayeona vizito aje baada ya futari. Baadhi ya kliniki za mjini hufungua usiku katika mwezi huo. Ninachokiogopa ni ile kauli ya “tusubiri Idi ipite.” Mtu anaanza kuumwa kumi la mwanzo, linanyamaza kumi la mwisho, sikukuu anakula visheti na halwa kwa upande mmoja, na mimi namwona kwenye mfunguo tatu akiwa na jipu.

Mimba nayo huahirisha matibabu, na sababu yake haina msingi. Mama mjamzito anaambiwa mtoto anavuta chokaa ya meno yake, kwamba kila mimba ina jino lake, kwa hiyo astahamili. Mtoto havuti chochote kwenye meno ya mama. Kinachotokea ni kuwa homoni huzifanya fizi ziwe nyekundu na rahisi kutoka damu, kutapika kunaleta asidi mdomoni, na hamu ya vitu vitamu au vya ndimu inaongeza. Ukitapika, sukutua kwa maji na ungoje nusu saa ndipo upige mswaki. Matibabu ya kawaida, pamoja na sindano ya ganzi ya lignokaini, yanafaa, na miezi ya nne hadi ya sita ndiyo yenye raha zaidi kukaa kitini. Uambukizo haungojei mwezi wowote.

Nirudi kwa bibi. Nilimweleza njia mbili: kusafisha mizizi na kulijenga jino upya, safari tatu au nne na gharama yake, au kulingʼoa. Akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri. “Hili ni la juu, mwanangu. Macho yangu je?” Wangapi wamebaki na majipu ya meno ya juu kwa hofu hii! Mshipa wa kuonea unatoka kwenye jicho na kwenda ubongoni kwa njia yake. Wa jino una njia nyingine. Kungʼoa gego hakukati mshipa wa jicho. Mtu mwenye jipu la jino la juu anaweza kuvimba mpaka chini ya jicho, akangʼolewa akiwa amechelewa, na watu wakakumbuka koleo wakasahau usaha. Alichagua kungʼoa, na sikumlaumu. Kungʼoa si dhambi, hasa jino lililobaki magofu. Ninachomwomba kila mtu ni asichague kwa sababu ya kutojua kuwa kulikuwa na njia ya pili, na ajue kuwa pengo la gego halikai bure: la nyuma huinama, la upande wa pili hurefuka, na chakula hupata mahali papya pa kujificha.

Hofu nyingine ni ya kusafishwa. Kusafisha meno hakulegezi meno. Anayesema kunalegeza ameona meno yaliyokuwa yameshikiliwa na ugaga tu, mfupa umeshaondoka, ukoko ulipotolewa ukweli ukaonekana. Na usione haya kuuliza kama vyombo vimetakaswa. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Vyombo huingia kwenye otoklevu, mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3. Mwambie daktari akufungulie pakiti mbele ya macho yako. Daktari mzuri atafurahi umeuliza.

Sasa niseme juu ya gego la miaka sita. Hapa ndipo meno mengi ya watu wazima wa kisiwa hiki yanapopotea, na hakuna anayejua kuwa yamepotea. Mzazi anajua jino jipya ni lile linalokuja baada ya la zamani kungʼoka: mtoto kapoteza la mbele, karusha juu ya bati, kaota jingine. Lakini karibu na umri wa miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, yanachomoza magego manne ambayo hayabadilishi jino lolote. Hakuna kilichongʼoka, hakuna damu, hakuna sherehe. Yanatoka kimya kimya, pengine ufizi unawasha siku mbili. Mzazi akiyaona anayahesabu pamoja na ya utotoni. Na haya ndiyo magego ya maisha, yanayobeba kazi kubwa ya kutafuna mpaka uzee.

Mama mmoja wa Bububu aliniletea binti yake wa darasa la tatu. “Dokta, lingʼoe tu hili la nyuma, si la utoto? Litaota jingine.” Nikawasha taa, nikampa mama kioo, tukahesabu pamoja kwa kidole, kutoka mbele kwenda nyuma: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. La sita ndilo lililooza, tundu lake linaingia ncha ya kalamu. Nikamwambia hili halina jingine la kuota. Alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Basi la kaka yake tulilingʼoa mwaka jana.” Uso wake sijausahau. Hakuwa mama mzembe. Alikuwa mama aliyekuja daktarini siku jino lilipouma, kama tulivyofundishwa sote.

Tena hata hayo ya utotoni yasidharauliwe. Gego la utotoni la nyuma linakaa mpaka miaka 10 au 12. Mtoto wa miaka minne mwenye jino bovu ana miaka sita au minane ya kulilia nalo, na likitoka mapema jirani zake husogea na kulinyima jipya nafasi.

Kwa nini yanaoza? Si kwa mdudu aliyetoka mbinguni. Bakteria wa kwenye ukoga hula sukari, wakatoa asidi, na kila sukari inapoingia kinywani jino hukaa kwenye asidi kama nusu saa hivi. Kinachohesabiwa zaidi ni mara ngapi, kuliko kiasi gani. Kwa hiyo sikatazi halwa baada ya chakula cha mchana. Ile kahawa chungu inayoshushwa nayo ni rafiki yangu. Ninachokihofia ni ubuyu. Mtoto wa skuli anao mfukoni tangu saa mbili, rangi nyekundu mpaka vidoleni, anaweka punje moja, anaifyonza, anaitema mbegu, anaweka nyingine. Sukari na uchachu kwa pamoja, saa nne mfululizo, na mate hayapati nafasi ya kulirudishia jino madini yake. Baba naye yuko barazani na chupa ya chai ya sukari, kidogo kidogo tangu alasiri mpaka magharibi. Wote wawili wangekula mara moja na kumaliza, kazi yangu ingepungua.

Mswaki wa mti, ule unaouzwa nje ya misikiti, unasafisha kweli, na neno letu la mswaki limetoka huko. Upungufu wake ni kuwa haufiki vizuri upande wa ndani wa magego ya nyuma, na hauna floraidi. Tumia vyote viwili. Dawa ya meno iwe na floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na imeandikwa nyuma ya kasha. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu paka ukubwa wa punje ya mchele. Wa mitatu hadi sita, punje ya njegere. Usiku baada ya kupiga mswaki tema, usisukutue kwa maji, floraidi ibaki ifanye kazi umelala.

Wenye tambuu nawaomba jambo moja. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka tambuu, hata isiyo na tumbaku, na popoo lenyewe, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Saratani ya kinywa nayo ina kimya chake: mwanzoni haiumi. Doa jeupe au jekundu, kidonda kisichofunga kwa wiki mbili, shavu linalokakamaa mpaka kinywa hakifunguki kama zamani. Kwa kuwa haiumi, mtu haji. Njoo.

Watu huniambia kuzuia ni kwa wenye nacho, kwa nchi zenye mashine. Nawakumbusha giza. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme kutokana na hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka Bara, miezi mitatu ya kunguruma kwa jenereta. Mashine ya kutobolea jino bila umeme ni chuma tu. Lakini iko njia ya kuziba jino isiyohitaji umeme, wala maji ya bomba, na mara nyingi wala sindano: daktari anakwangua uozo laini kwa vyombo vya mkono, kisha anaziba kwa saruji ya glasi ayonoma inayogandamana na jino na kutoa floraidi. Njia hii ilizaliwa hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa skuli ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliokuwamo Mholanzi Jo Frencken, na Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani iliyohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Mwaka 2021 saruji hiyo na dawa ya meno yenye floraidi ziliingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Mtoto wa Makunduchi anaweza kuzibwa jino juu ya dawati la skuli yake, mwanga wa dirishani, bila kusikia mlio wowote wa kumtisha. Inanisikitisha kuona kitu kilichotokea kwetu tunakihesabu kuwa cha kigeni.

Lakini inataka kufika mapema, katika kimya cha kwanza. Nacho kina alama, ukijua pa kuangalia. Mlaze mtoto mapajani kwako, kichwa kikielekea tumboni kwako, mwingine ashike miguu. Nyanyua mdomo wa juu kwa kidole. Kausha meno ya mbele kwa kitambaa safi, washa tochi ya simu. Karibu na ufizi, kama kuna mstari mweupe uliofifia, mweupe wa chokaa na si wa kungʼaa kama jino lote, huo ndio mwanzo wa uozo. Hauna tundu bado. Hauumi. Na hapo tu, katika hatua zake zote, uozo hurudi nyuma wenyewe ukisaidiwa.

Baba mmoja wa Shangani, dereva wa gari ya shamba, aliusoma mstari huo kwa mtoto wake wa miaka miwili na nusu na kunipigia simu jioni ile ile, akidhani ameona makovu. Hatukushika mashine. Nilimpaka mtoto vanishi ya floraidi kwa burashi ndogo, dakika mbili, akiwa bado mapajani mwa baba yake. Chupa ya maziwa ya sukari ya usiku ikaondolewa, kwa vilio vya siku tano alivyonieleza baba mwenyewe. Walirudi baada ya miezi mitatu. Nikakausha meno, nikawasha taa, nikatafuta ule mstari. Ulikuwa umeanza kungʼaa.